Mafuta ya Difu: Tuchague kwa Kazi Yake, Si kwa Bei Yake

Hotuba ya Katibu wa Chama, iliyosomwa mbele ya wanachama siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi



Walionitangulia wamezungumza juu ya kahawa yetu, juu ya bei yake, na juu ya safari yetu ya miaka kumi. Mimi nimepewa shughuli iliyo ndogo zaidi, lakini haikosi maana. Bwana Mwenyekiti ameniagiza niseme juu ya magari ya Chama, na hasa juu ya mafuta yatiwayo katika difu zake za nyuma.

Huenda baadhi yenu mwajiuliza: je, siku ya sherehe ndiyo siku ya kuzungumza habari za mafuta mazito yenye harufu ya kiberiti? Nami nasema ndiyo, kwa sababu mbili. Kwanza, kila gunia lililotoka katika vituo vyetu vya kukusanyia likafika ghalani limebebwa juu ya ekseli hizo. Pili, katika Mkutano Mkuu ujao mtaombwa kuamua kama Chama kinunue pipa moja la mafuta ya gia, la lita 200, litumike katika magari yote bila kubagua, ama kila gari litafutiwe mafuta yalifaayo. Uamuzi huo ni wenu, wala si wangu. Lakini haifai mtu kuinua mkono juu ya jambo ambalo hajaelezwa. Kwa hiyo nawaombeni mnivumilie, hata ninyi ambao hamjapata kushika spana.

Kazi ya difu

Gari likata kona, gurudumu la nje hupita njia ndefu kuliko gurudumu la ndani. Kama magurudumu mawili ya nyuma yangefungwa katika chuma kimoja kisichogawanyika, moja lingelazimika kuburutwa, tairi lingekwisha upesi, na gari lingekuwa zito kugeuka. Ndiyo maana tangu karne ya kumi na tisa mafundi wa Ulaya walibuni difu, yaani mkusanyo wa gia unaoyaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa mwendo usiolingana, huku yote mawili yakipata nguvu ya injini.

Lakini difu ya kawaida ina udhaifu mmoja, nao madereva wetu waujua vizuri kuliko mimi. Hugawa nguvu sawasawa kulia na kushoto. Na kwa kuwa hugawa sawasawa, gurudumu lililo mahali pagumu haliwezi kupata nguvu zaidi ya ile inayopokewa na gurudumu lililo mahali pa utelezi. Gurudumu moja likiingia katika tope la masika, hilo huzunguka bure likirusha udongo, na mwenzake aliye juu ya ardhi kavu hukaa kimya kama hayumo. Gari lenye nguvu nyingi hushindwa na shimo lisilofika hata magotini.

Dawa ya udhaifu huo ni difu yenye kizuizi cha mtelezo, ambayo mafundi huiita kwa herufi zake tatu, LSD. Katika miaka ya 1930 difu ya namna hiyo ilitumika katika magari ya mashindano ya Auto Union ya Ujerumani, na mwaka 1956 kampuni ya Packard ya Marekani iliiuza katika magari ya watu wa kawaida. Leo hupatikana katika pikapu na magari mengi ya safari, ingawa si katika yote, hata kama majina yao ni mamoja. Toyota Hilux mbili zaweza kusimama pamoja, rangi moja na umri mmoja, na moja ikawa nayo na nyingine haina.

Aina iliyo ya kawaida katika magari ya kazi ni ile ya pleti. Ndani ya nyumba ya difu, kando ya zile gia ndogo, hupangwa pleti nyembamba za chuma: moja imeshikamana na ekseli, ya pili imeshikamana na nyumba ya difu, na hivyo hivyo kwa zamu. Springi, ama nguvu ya gia zenyewe, huzibana pleti hizo. Gurudumu moja likitaka kuzunguka bure, msuguano wa pleti hulizuia, na sehemu ya nguvu huhamia kwa gurudumu lenye mshiko. Angalieni neno hilo, msuguano. Difu hii hufanya kazi kwa msuguano, nayo imelowa katika mafuta. Hapo ndipo penye shida yote, na hapo ndipo penye elimu yote.

Mafuta yenye kazi mbili

Katika mashine nyingine twataka mafuta yaondoe msuguano, basi. Katika difu ya LSD twayapa mafuta kazi mbili zinazovutana. Kazi ya kwanza ni kulinda meno ya gia kubwa na pinioni yake. Meno hayo yamekatwa kwa mshazari, na pinioni imewekwa chini kidogo ya katikati ya gia kubwa, kwa hiyo meno hayabingiriki tu bali huteleza yakisuguana kwa kishindo kikubwa. Mafuta ya kawaida hukamuliwa yakatoka katikati ya meno, na chuma kikagusa chuma. Ndiyo sababu mafuta ya difu hutiwa vitu vya salfa na fosforasi, ambavyo joto la msuguano likizidi hujenga utando mwembamba juu ya chuma na kukikinga. Ile harufu ya kiberiti niliyoitaja ndiyo hiyo salfa.

Kazi ya pili ni kuziacha pleti zishikane kwa kiasi, kisha ziteleze taratibu gari linapokata kona. Mafuta yanayofaa sana kwa meno huweza yasifae kwa pleti, na hapo ndipo inapohitajika dawa ya msuguano.

Kwanza tusome maandishi ya kopo. Kopo la mafuta ya difu huandikwa daraja lake la kazi, GL-4 ama GL-5, na uzito wake, kama 80W-90 ama 85W-140. Namba za GL si kama madarasa ya shule, kwamba wa tano amemshinda wa nne. GL-5 ina dawa nyingi zaidi ya kukinga meno ya difu, nayo ndiyo itakiwayo katika ekseli za nyuma za magari yetu. Lakini gia boksi nyingi zina ringi za sinkro zilizofanywa kwa madini ya manjano ya jamii ya shaba, na dawa hiyo nyingi yaweza kuyala, au ikazifanya ringi ziteleze zisishike, gia zikaingia kwa ugomvi. Gia boksi ambayo kitabu chake chasema GL-4 ipewe GL-4. Kwa sababu hii peke yake, wazo la pipa moja kwa kila kitu limekwisha kupata ufa.

Ama uzito, namba iliyo pamoja na herufi W huonyesha tabia ya mafuta wakati wa baridi kali. Mafuta ya 80W hupimwa katika baridi ya nyuzi 26 chini ya sifuri, jambo ambalo barabara zetu hazijalijua. Kwetu sisi namba ya kutazamwa sana ni ile ya mwisho, 90 ama 140, ambayo huonyesha uzito wa mafuta yakiwa na joto la nyuzi 100. Tena tusichanganye namba hizi na zile za mafuta ya injini. Vipimo vyake ni mbalimbali: mafuta ya gia ya namba 90 hayazidi sana uzito wa mafuta ya injini ya namba 40 au 50. Vitabu vya magari kadhaa ya Toyota yenye LSD vyataka GL-5 ya LSD yenye uzito wa 90 katika nchi zisizo na baridi kali. Wako wadhanio kwamba mafuta yakiwa mazito zaidi ndivyo yalivyo bora zaidi. Sivyo. Namba 140 yafaa pale kitabu cha gari kinapoiruhusu kwa mizigo mizito na joto kubwa. Pasipo ruhusa hiyo mafuta mazito hukokota gia na kula petroli au dizeli bila faida.

Dawa ya msuguano

Sasa nafika katika kiini cha maneno yangu. Mtu akitaka kuburuta gunia la kahawa juu ya sakafu ya saruji, huona shida kubwa mwanzoni. Gunia limeganda. Akivuta kwa nguvu, lajitoa ghafula, lateleza hatua moja, kisha laganda tena. Hivyo ndivyo zifanyavyo pleti za difu zikitiwa mafuta yasiyo na dawa yake. Gari likata kona polepole, pleti huganda, hujitoa, huganda, hujitoa, mara nyingi kwa nukta moja. Dereva husikia sehemu ya nyuma ikitetemeka na kuguguma, hasa anapogeuza gari katika uwanja mdogo baada ya safari ndefu.

Dawa ya msuguano hushika juu ya uso wa pleti na kupunguza ule ugumu wa kuanza kuteleza, hata usizidi ugumu wa kuendelea kuteleza. Gunia halihitaji tena kushtuliwa; lateleza tangu mvuto wa kwanza. Pleti hushika bado, lakini hushika kwa upole.

Lakini dawa ni dawa, nayo ina kipimo. Ikipungua, pleti hutetemeka, hujikwaruza, na huliwa. Ikizidi, pleti huteleza mno zikashindwa kushika, na difu ya LSD ikawa kama difu ya kawaida. Gari halitatoa sauti yoyote. Dereva atasema, "Sasa limepona, halilii tena." Kisha siku ya mvua, kwenye mlima, akiwa na tani moja ya kahawa mgongoni, gurudumu moja litazunguka bure, naye atashangaa. Ukimya wa difu si ushahidi wa afya yake.

Katika magari ya Kimarekani kipimo kilichozoeleka ni chupa moja ndogo ya kama mililita 118 kwa ekseli moja. Katika difu yenye lita 2 za mafuta, hiyo ni karibu sehemu 6 katika 100. Nataja hesabu hiyo ili mwone udogo wake, wala si ili mtu akaitumie katika kila gari. Mafuta mengi ya difu yaliyoandikwa LS ama LSD yamekwisha kutiwa dawa hiyo kiwandani, na makopo mengine husema wazi kwamba hakuna haja ya kuongeza kitu. Kumimina chupa ya dawa juu ya mafuta hayo ni kumpa mgonjwa vidonge vya watu wawili. Kanuni ni hii: anza na mafuta ya LSD ambayo kitabu cha gari chayataka. Kama baada ya kuyatumia vema mtetemo ungalipo, na kitabu chakubali dawa, ongeza kidogo, jaribu, ndipo uongeze tena, wala usipite kipimo kilichoandikwa.

Si kila difu yahitaji dawa

Iko aina nyingine ya difu isiyotumia pleti, bali gia za mshazari zinazojibana zenyewe. Iliyo maarufu huitwa Torsen, uvumbuzi wa Mmarekani Vernon Gleasman, aliyepata hati yake mwaka 1958. Hiyo hutegemea msuguano wa gia zake, haina pleti za kutulizwa kama nilivyoeleza, na kwa kawaida haihitaji dawa hii. Toyota Prado za toleo lililotoka mwaka 2002 zina Torsen ya namna hiyo katikati ya gari, ndani ya kisanduku cha kugawa nguvu mbele na nyuma, si katika ekseli ya nyuma. Mtu akisikia kwamba gari lina Torsen, asikimbilie ekseli na chupa mkononi. Na difu ya kawaida, isiyo na kizuizi, haipati faida yoyote kwa dawa hiyo. Ni fedha iliyomwagwa.

Basi fundi atajuaje anayo difu ya namna gani? Kwanza asome kitabu cha gari na kile kibati chenye namba za ekseli. Baadhi ya magari ya Japani hubandikwa onyo karibu na tundu la kujazia, kwamba yatiwe mafuta ya LSD tu. Pili, apime. Injini ikiwa imezimwa, magurudumu ya mbele yamewekewa vigingi, gia ikiwa huru, na magurudumu yote mawili ya nyuma yameinuliwa yakakalishwa juu ya stendi imara, azungushe gurudumu moja kwa mkono. Gurudumu la pili likizunguka kinyume, kwa kawaida difu ni ya wazi. Likizunguka upande uleule, na kwa ugumu, difu ni ya pleti, tena pleti zake bado zabana. Lakini pleti zilizokwisha, na zile difu za gia za mshazari, huweza kudanganya kipimo hiki; kwa hiyo kitabu kitangulie, mkono ufuate.

Hapa nasimama kidogo, kwa kuwa nina neno kwa madereva na matingo, nalo ni juu ya uhai wa mtu. Gari lenye LSD likiinuliwa gurudumu moja tu kwa jeki, na lingine likabaki chini, asithubutu mtu kuwasha injini na kutia gia. Katika difu ya kawaida gurudumu lililo hewani lingezunguka bure. Katika LSD nguvu huenda kwa gurudumu lililo chini, na gari hujirusha kutoka juu ya jeki. Aliye chini ya gari hapati nafasi ya kutoka. Agizo hili nataka liandikwe ukutani mwa karakana yetu kabla ya agizo lingine lolote.

Mfano mmoja

Mwaka jana pikapu yetu moja ilianza kuguguma kila ilipogeuka kuingia ghalani. Ilipelekwa katika karakana moja mjini, na huko tukaambiwa kwamba difu ifunguliwe yote na pleti zibadilishwe. Fundi wetu hakukataa, lakini aliuliza swali moja: yalitiwa mafuta gani mara ya mwisho? Daftari la gari likafunguliwa. Wiki tatu nyuma, gari likiwa safarini, lilikuwa limemwagwa mafuta na kutiwa GL-5 ya kawaida ya 80W-90. Mafuta hayo hayakuwa mabovu. Yalikuwa halali na yenye uzito mzuri, ila hayakuwa ya LSD. Yakamwagwa, yakatiwa yanayostahili, na gari likaendeshwa polepole katika uwanja wa mpira kwa mizunguko ya namba nane, kama mara kumi kulia na kushoto, ili mafuta mapya yaingie katikati ya pleti. Baada ya siku chache mtetemo uliisha, na ile difu haijafunguliwa mpaka leo.

Sisemi kwamba kila mtetemo hutibiwa kwa mafuta. Mlio unaoendelea hata katika njia iliyonyoka waweza kuwa wa beringi au wa meno ya gia. Kishindo cha kuondoka chaweza kutoka katika viungo vya propela. Na pleti zilizoliwa hazirudishiwi unene wake na dawa yoyote ya chupa. Nasema tu kwamba swali la mafuta huulizwa kwanza, kwa sababu jibu lake ni rahisi na gharama yake ni ndogo. Na swali hilo lilijibiwa kwa sababu dereva aliandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Nami naongeza kwamba difu pia.

Namna ya kubadilisha

Kazi ifanywe gari likiwa limetoka kutembea, mafuta yakiwa na vuguvugu, na likiwa limesimama mahali palipo sawa. Kabla ya kufungua boliti ya kumwagia, ifunguliwe kwanza ile ya kujazia. Wako waliomwaga mafuta yote, kisha wakakuta boliti ya juu imeganda haifunguki, na gari likabaki halina mafuta wala halina safari. Boliti ya chini ikiwa na sumaku, itazamwe. Ute wa kijivu ni kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni habari mbaya. Mafuta yenye rangi ya maziwa yameingiwa na maji, na hapo ule mrija wa kupumulia wa ekseli ukaguliwe, maana gari likiingia mtoni ekseli ikiwa ya moto hupoa ghafula na kuvuta maji ndani. Kisha mafuta mapya yatiwe mpaka yafike ukingo wa chini wa tundu la kujazia.

Jambo jingine lisilohusiana na kopo, lakini lahusiana na pleti, ni matairi. Katika ekseli yenye LSD matairi mawili yawe na ukubwa mmoja na uchakavu unaokaribiana, na upepo wake ulingane. La sivyo gurudumu moja litazunguka zaidi ya jingine hata katika barabara iliyonyoka, pleti zitasuguana safari nzima bila kupumzika, na mafuta yaliyo bora kuliko yote hayatazisaidia.

Ninalowaombeni

Ndugu wanachama, sasa narudi katika lile pipa. Wanaolipendekeza hawana nia mbaya. Wanasema kweli kwamba mafuta ya pipa huwa rahisi kwa lita moja kuliko mafuta ya kopo, na kwamba fedha ya Chama ni jasho la mkulima. Lakini tufanye hesabu pamoja. Tuna pikapu sita, na hakuna difu ya nyuma katika hizo inayozidi lita 3. Kubadilisha mafuta ya difu zote sita ni lita 18 tu. Pipa la lita 200 lingetosha kubadilisha mara kumi na moja. Lingekaa ghalani miaka mingi, likifunguliwa na kufungwa, likiingia vumbi na unyevu, nasi tungekuwa tumefunga fedha yetu ndani yake. Tena katika pikapu hizo sita, nne zina LSD, ambazo mafuta ya pipa lile, yasiyo na dawa, hayazifai.

Kama twataka urahisi wa kununua namna moja, basi iko njia. Mafuta ya GL-5 yaliyotengenezwa kwa ajili ya LSD, yenye uzito utakiwao na kitabu, hayaidhuru difu ya kawaida. Mafuta ya kawaida ndiyo yasiyofaa katika LSD. Kwa hiyo, tukipenda mafuta ya aina moja kwa ekseli zote sita za nyuma, na tuchague yale ya LSD, kwa makopo yaliyofungwa, kutoka kwa muuzaji anayetoa stakabadhi na ambaye tunaweza kumrudia. Gia boksi zibaki na mafuta yake zenyewe, makopo yake yawekwe rafu ya mbali, yapakwe rangi nyingine, ili mtu wa haraka asikosee gizani.

Pia naomba mambo mawili yasiyo na gharama. La kwanza, kila gari liwe na ukurasa wake katika daftari: aina ya difu, mafuta yaliyotiwa, kiasi chake, dawa kama imetiwa na mililita ngapi, tarehe, kilomita, na sahihi ya aliyefanya kazi. La pili, Halmashauri isinunue mafuta bila kumwuliza fundi, na fundi asibadilishe mafuta bila kumwuliza dereva. Anayelipa huona bei, anayefungua huona chuma, na anayeendesha husikia sauti. Watatu hao wasipozungumza, kila mmoja atakuwa na haki kwa upande wake, na gari litakuwa limekwama.

Mwisho, nataka tusidharau jambo hili kwa udogo wake. Miaka kumi iliyopita tulipoanza tulibeba magunia kwa magari ya kukodi, na mvua ikinyesha kahawa ilingoja juu mlimani mpaka njia ikauke, ikipoteza ubora wake siku hata siku. Leo tuna magari yetu, na difu zenye uwezo wa kuyatoa topeni. Uwezo huo tumekwisha kuulipia siku tulipoyanunua magari. Yanayobaki ni lita chache za mafuta yaliyo sahihi, kipimo kidogo cha dawa pale itakiwapo, na kalamu ya kuandikia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Yeyote mwenye swali, fundi na mimi tutakuwa karakanani baada ya chakula, na pikapu moja itakuwa imeinuliwa juu ya stendi ili kila mtu azungushe gurudumu kwa mkono wake mwenyewe. Mungu akibariki Chama chetu na kazi za mikono yetu.